Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya malikale: Husuni Kubwa haiwezi kusubiri mradi mwingine

Kwa Waheshimiwa,
Viongozi na wataalamu wenye dhamana ya magofu ya Kilwa Kisiwani,
Wizarani, mkoani na wilayani.

YAH: MATUNZO YA KILA MWAKA YA JUMBA LA HUSUNI KUBWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Kilwa Masoko. Hii ni barua yangu ya nne juu ya jambo hili. Tatu za mwanzo niliziandika kwa mkono, nikazipeleka mwenyewe ofisini na kugongewa mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala zangu. Kwa ile ya kwanza niliambiwa faili limepelekwa juu. Kwa ya pili niliambiwa mhusika yuko safarini. Kwa ya tatu sikuambiwa kitu. Nakala zote ninazo kwenye bahasha moja chini ya kitabu cha mahudhurio cha darasa langu la mwisho. Mvua zilipokwisha nilivuka tena kwenda kisiwani, nikatazama, nikarudi na uchungu. Ndipo nikaamua kusema hadharani. Sina nia ya kumkomoa mtu, na sitamtaja mtu kwa jina.

Kwa wale watakaosoma na hawajafika, nieleze kidogo. Ukivuka kwa mashua kutoka Masoko, mwendo wa kilomita mbili hivi, jengo linalokupokea ufukweni ni Gereza, ngome iliyojengwa upya wakati wa Waomani juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Nyuma yake kuna Msikiti Mkuu wenye makuba. Wageni wengi hupiga picha hapo, hununua dafu, hurudi. Husuni Kubwa iko mbali zaidi upande wa mashariki, peke yake, juu ya genge, yaani ukingo mkali wa ardhi, linalotazama bahari. Hufiki hapo kwa bahati. Lazima uwe umeikusudia.

Jina lenyewe hupotosha. Husuni ni ngome, na watoto wangu wa shule kila mwaka walifika wakitafuta mizinga. Hawakuikuta, kwa sababu pale palikuwa nyumba ya mfalme. Ilijengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ikipita mikononi mwa Kilwa kabla ya kuvuka bahari. Vyumba vyake ni takriban 100. Upande wa genge ndiko alikoishi sultani, kuna ua uliozama wenye ngazi pembeni ambapo watu waliweza kuketi, kuna birika la kuogea lenye pembe nane, na kuna ngazi ya kushuka hadi ufukweni. Upande wa kusini ni ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi, na wachimbuaji wanaamini hapo ndipo mali ya biashara ilipowekwa. Jirani, ng'ambo ya korongo, iko Husuni Ndogo, na hadi leo wataalamu wanabishana ilikuwa ya kazi gani. Kabla ya ukoloni hapakuwa na majengo mengi ya mawe kusini mwa Sahara yaliyofikia ukubwa wa Husuni Kubwa.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alitia nanga Kilwa mwaka 1331. Ukilinganisha tarehe, inaelekea alimkuta mwenye nyumba hii angali hai na nyumba yenyewe bado ikinukia chokaa. Aliandika kwamba sultani huyo aliitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi, na akasimulia habari za fakiri wa Kiyemeni aliyemsimamisha njiani akitoka kwenye sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akabadili, akampa. Nilikuwa nikisimulia kisa hicho wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye ngazi za ule ua uliozama, na sijawahi kuwa na darasa lililotulia kama hilo.

Jumba halikudumu. Sehemu zake hazikumalizika, na baada ya muda mfupi liliachwa. Kwa karibu miaka 700 limekuwa likisimama kwa nguvu za chokaa tu. Sasa niseme yanayonisumbua.

1. Mimea na genge.

Hili ndilo kubwa, nitakaa nalo. Mwaka 2004 UNESCO ilipoyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, Husuni Kubwa ilitajwa waziwazi: maji ya mvua yanakokota udongo wa genge, na kuta zilizo ukingoni ziko katika hatari ya kuanguka. Ikasemwa pia jambo ambalo mtu asiyefika pale halimwingii akilini. Mimea iliyoota kwenye genge inausaidia udongo usikokotwe upesi, lakini mimea hiyohiyo inavunja kuta. Ukifyeka yote, genge linateremka. Ukiacha yote, jumba linapasuka.

Maana yake kazi hii haitaki panga la kibarua wa siku moja. Inataka mtu anayejua mche upi uachwe na upi uondolewe, na anayerudi kila msimu kuuangalia ule alioukata. Safari yangu ya mwisho nilisimama mbele ya ukuta mmoja upande wa bahari. Mti wa jamii ya mkuyu ulikuwa umejikita juu yake, na mzizi wake, mnene kama mkono wangu, umeteremka ndani ya ukuta kati ya jiwe na jiwe. Niliweka kiganja chini ya ufa nikagusa chokaa kwa kidole. Ilishuka kama unga wa muhogo. Sikuigusa tena. Fundi mmoja mzee wa kisiwani niliyekuwa naye akanieleza, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwa mgonjwa, kwamba mzizi wa namna hiyo hauvutwi, maana ukivuta unateremka na ukuta. Hukatwa, huachwa ufie ndani, kisha pengo hujazwa chokaa kidogokidogo. Nikamuuliza mara ya mwisho alifanya kazi hiyo lini pale. Akajibu: "Mradi ulipokuwepo, mwalimu."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Mkuyu hauna habari kwamba mradi umeisha.

2. Mafundi.

Jumba hili ni la matumbawe. Tumbawe likitolewa baharini bado bichi huchongeka kwa tezo kama mti laini, na likikauka huwa gumu. Ndiyo sababu mafundi wa kale waliweza kuchonga mapambo na maandishi. Chokaa yao waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni, wakaimwagia maji, wakaiacha iive. Ujuzi huo haukufa Kilwa. Miradi ya wafadhili iliyopita iliajiri vijana wa kisiwani, ikawafundisha, na kazi yao inaonekana kwenye kuta za Gereza. Mradi ulipofunga vitabu vyake, mafundi walirudi kwenye uvuvi na bodaboda za Masoko. Sasa wengine wamezeeka. Fundi akizeeka bila mwanagenzi, mradi ujao utaanza na semina ya kufundisha upya yale ambayo kisiwa kilikuwa kinayajua.

Na nawasihi, kwa kukosa mafundi hao asije mtu na mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Huyafungia maji na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya misimu michache kinachomeguka ni jiwe la kale, saruji imebaki inang'aa.

3. Historia inayosimuliwa pale.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipeleka wanafunzi wa kidato cha tatu. Binti mmoja alisimama katikati ya chumba akanyoosha mikono, akauliza kwa nini mfalme mwenye dhahabu yote ile alijenga vyumba vyembamba. Swali zuri kuliko yote niliyopata kuulizwa. Nilimwonyesha matundu ukutani: hapo palipitishwa boriti za mikoko kubeba dari, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Akafurahi. Kisha aliyekuwa akituongoza akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba haya yote waliyajenga Waarabu, wenyeji walibeba mawe tu. Nikaona uso wa yule binti unabadilika.

Waheshimiwa, ukweli una pande zake na tusiogope kuusema wote. Ukoo wa Mahdali ulijinasibisha na Yemen. Ramani ya Husuni, birika lake na makuba yake vina athari za ng'ambo, na Kilwa ilikuwa bandari, haikosi kujifunza kwa wageni. Lakini tumbawe ni la hapa, boriti ni za mikoko, chokaa imechomwa hapa, na ufundi wa kujenga kwa matumbawe ulikuwa umekomaa pwani hii kabla Sultani al-Hasan hajazaliwa. Sarafu ya shaba yenye jina lake imepatikana Zimbabwe Kuu, maili nyingi ndani ya bara. Sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 hata kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtoto wa Kilwa ana haki ya kuyajua haya akiwa amesimama mahali penyewe, kwa Kiswahili. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na taarifa yake ya mwaka 1974 ni vitabu viwili vikubwa vya Kiingereza. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kushika hata kijitabu chake cha Kiswahili.

Hatusemi mazuri tu, pia. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kwa mwaka. Hilo nalo lisimuliwe kisiwani. Lakini kila jambo katika karne yake. Kwa mgeni aliyepita nusu saa, Husuni ya karne ya 14 na biashara hiyo ya karne ya 18 huchanganywa kama siku moja.

4. Usalama.

Fupi. Ukingoni mwa genge sikuona kamba wala alama. Niliwapanga wanafunzi wameshikana mikono na nikasimama mimi upande wa bahari. Mwalimu mwingine huenda asikumbuke.

5. Mapato.

Kila mgeni hulipia kibali kabla ya kuvuka. Hakuna anayelalamikia hilo. Tunalolalamikia ni kutojua kiasi kilichokusanywa kwa mwaka na kiasi kilichorudi kwenye jiwe. Niliuliza katika barua ya pili. Wanakijiji wameuliza pia, kwenye mkutano niliohudhuria, wakaahidiwa jibu. Tunalisubiri.

Waheshimiwa, najua majibu ya kawaida, kwa kuwa mengine nimeshapewa mdomoni.

Mtasema Kilwa ilitolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2014. Ni kweli, na wote waliofanya kazi ile wanastahili shukrani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini mgonjwa akitoka wodini hupewa dawa za kunywa nyumbani na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna anayemruhusu kisha akafunga faili lake. Zaidi ya miaka kumi imepita. Masika zaidi ya kumi zimelipiga genge lile.

Mtasema hakuna fungu. Ninachoomba hakifanani na mradi wa mabilioni. Ni mafundi wachache wenye mshahara, mapanga, ngazi, kamba, chokaa na mashua. Gharama ya kuung'oa mche wenye majani manne ni nusu saa ya mtu mmoja. Uachwe miaka mitano, gharama yake ni ukuta.

Mtasema wanakijiji ndio wanaoharibu, mbuzi wao hupanda kuta na mawe huokotwa. Yapo hayo, sitayakana. Lakini watu wa kisiwani waliishi na magofu haya karne nyingi kabla hajaja afisa wa kwanza, na mtu hulinda kitu kinachompa kazi na heshima. Ajirini vijana wao, mtaona mbuzi watafungwa.

Mtasema watalii hawafiki Husuni, kwa hiyo si kipaumbele. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hawafiki kwa sababu hawaelezwi na njia haijatengenezwa vizuri. Na hata asipofika mtalii hata mmoja, wapo wanafunzi wa shule zetu, na wapo watu wanaoongea lugha hii kuanzia Lamu hadi kaskazini mwa Msumbiji, ambao nyumba hii ni ya mababu zao.

Mwisho, mtasema utafiti zaidi unahitajika. Utafiti ni mzuri. Lakini Chuo Kikuu cha Cape Town, kupitia mradi wake wa Zamani, kilishayapima magofu ya Kilwa kwa leza. Vipimo vipo. Mtu akiwa navyo mkononi leo anaweza kusimama mbele ya ukuta ule na kujua umeegemea kiasi gani tangu upimwe. Hiyo ingekuwa kazi nzuri ya kuanza nayo.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kiundwe kikosi cha kudumu cha matunzo cha Kilwa Kisiwani, kiajiriwe kutoka kisiwani, kikiwa na mafundi chokaa wazee na wanagenzi wao pamoja, na kilipwe kutokana na viingilio vinavyokusanywa hapohapo. Kazi yake ya kwanza iwe kupita Husuni Kubwa yote na kuandika ukuta kwa ukuta hali ilivyo, kabla ya masika ijayo. Mimea ishughulikiwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, kwa maelekezo ya mtaalamu wa genge na udongo, si kwa kufyeka kiholela. Maji ya mvua yanayotiririka kuelekea ukingoni yaelekezwe pengine.

Ukingo uwekewe alama na kamba, na njia ya kutoka bandarini hadi Husuni isafishwe.

Yaandikwe maelezo ya Kiswahili, yaliyosomwa na wanahistoria na wazee wa Kilwa kabla ya kuchapwa, yawekwe pale na yagawiwe shule zote za wilaya. Waongoza wageni wapewe mafunzo juu yake. Mimi nitajitolea kuyafundisha bila malipo, na niko tayari kuanza wiki mtakayoniita.

Hesabu ya viingilio na matumizi ibandikwe kila mwaka kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kama zinavyobandikwa hesabu nyingine za kijiji.

Naomba pia jambo moja lisilo na gharama. Mmoja wenu mwenye sahihi ya kuidhinisha matumizi avuke mwenyewe, na asiishie Gerezani. Atembee hadi kwenye genge asubuhi, maji yakiwa yamejaa, asimame kwenye ua uliozama kisha aende kwenye ule ukuta wa upande wa bahari. Yule fundi mzee atamwonyesha mzizi. Nimeshazungumza naye, amekubali kusubiri siku yoyote mtakayoitaja, isipokuwa Ijumaa.

Nakala za barua zangu tatu zilizotangulia, zenye mihuri yake, ziko tayari kwa yeyote kati yenu atakayezihitaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kilwa Masoko.

Nakala:
Serikali ya Kijiji, Kilwa Kisiwani
Walimu wa historia, shule za sekondari za wilaya
Mafundi chokaa wa kisiwani